Mgeni njoo, mwenyeji apone: tuwasaidieje majirani waliokumbwa na mafuriko?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Sisi ni kikundi cha watu 34. Wiki iliyopita mto ulivunja kingo zake ukafunika vijiji vitatu vya ng'ambo, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka tulipo. Sisi tumesalimika. Kwa siku tatu tumekusanya marobota tisa ya nguo, dawa kiasi, maziwa ya kopo ya watoto wachanga, na fedha kidogo. Sasa tumegawanyika. Nusu wanataka twende kesho na kila kitu. Nusu wanasema tuwaachie wenye utaalamu, sisi tutakuwa mzigo, na mmoja ametuonya kwamba watu wenye shida hupigana na kupora. Mimi ndiye katibu, lawama zote zinaniangukia. Tufanyeje? Na je, msaada wa watu wadogo kama sisi unabadilisha chochote?

Jibu: Dada yangu katibu, pole kwa lawama. Waeleze wenzako kwamba kila upande umeshika nusu ya jambo. Wanaotaka kwenda wana haki ya kwenda. Wanaoogopa kuwa mzigo wana haki ya kuogopa, maana misaada iliyogeuka mzigo nimeiona kwa macho yangu. Kwa kesho, ushauri wangu ni huu: waende watu wawili tu, mmoja wao awe mwanamke, wakiwa na daftari, simu zenye chaji, buti za mpira na maji yao wenyewe ya kunywa. Marobota yabaki. Wakifika wasiulize "mna shida gani?", kwa sababu jibu la swali hilo ni kila kitu. Waulize: nani hapa anaandika majina?

Kila palipoingia maafa huwa kuna mtu anayeandika majina. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilitumwa kwenye shule iliyogeuzwa makazi baada ya mafuriko. Nilikuwa na fomu zilizochapwa vizuri, zenye nafasi ya idadi ya kaya na idadi ya watoto. Mlangoni alikaa mama mmoja na daftari la mwanafunzi lililovimba kwa maji. Alikuwa akiandika kwa penseli, kwa sababu wino ulikuwa umeanza kuyeyuka kwenye kurasa za mwanzo. Mbele ya majina kulikuwa na alama: duara kwa mtu anayemeza dawa kila siku, mstari kwa mjamzito, nukta kwa ambaye hajaonekana. Nukta zilikuwa mbili. Kila aliyeingia mlangoni alimsomea majina yale mawili na kumwuliza alimwona wapi mara ya mwisho. Kabla ya jioni nukta moja ilifutwa. Fomu zangu hazikuwa na nafasi ya nukta. Tangu siku hiyo, popote ninapofika, kwanza namtafuta mwenye daftari.

Ninakusisitizia hili kwa sababu uokoaji wa kwanza, karibu kila mahali duniani, hufanywa na watu wa pale pale. Tarehe 17 Januari 1995, saa 11 na dakika 46 alfajiri, tetemeko la ardhi lilipiga eneo la Kobe nchini Japani na kuua zaidi ya watu 6,400. Japani ni nchi yenye vikosi vya zimamoto vya hali ya juu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya waliotolewa hai chini ya vifusi, kwa makadirio zaidi ya robo tatu, walitolewa na jamaa na majirani. Katika mji mdogo wa Hokudan, kisiwani Awaji, karibu kabisa na kitovu cha tetemeko, wakazi walijua nani analala chumba gani. Hawakuchimba nyumba nzima. Walichimba palipokuwa na kitanda cha mzee fulani. Siku ile ile, kabla ya usiku, kila mtu wa mji ule alikuwa amejulikana alipo, mzima au maiti. Hakuna mtambo unaoweza kukwambia jirani yako analaza kichwa upande gani wa chumba.

Kwa hiyo majirani zenu wa ng'ambo hawakukaa wiki nzima wakisubiri. Walikwisha kuvutana kutoka majini, wakagawana blanketi, wakapika kwa zamu. Mnawakuta katikati ya kazi. Sisi Waswahili tuna msemo, mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni ameingia na kumpokonya usukani. Mtakachofanya kipite mikononi mwao.

Sasa nigeukie wale wanaosema tuwaachie wataalamu. Agosti 2018, mafuriko makubwa yalipoikumba Kerala, kusini mwa India, wavuvi wa pwani walipakia boti zao kwenye malori wakazipeleka bara, kwenye mitaa iliyogeuka mito. Hakuna aliyewafundisha uokoaji. Walijua maji, walijua boti, na hilo ndilo lililotakiwa. Waliokoa maelfu. Kuna picha ya video iliyoenea sana siku zile: mvuvi mmoja ameinama ndani ya maji kwa mikono na magoti, mgongo wake umekuwa ngazi, na wanawake wanamkanyaga mmoja mmoja kupanda kwenye boti. Sijaona picha nyingine inayoonyesha vizuri zaidi maana ya kusaidia kwa ulichonacho.

Christchurch, New Zealand, ilikuwa hivyo hivyo. Tetemeko la Septemba 2010, kisha lile la 22 Februari 2011 lililoua watu 185, yalisukuma juu tope zito la mchanga likajaa barabarani na nyuani. Wanafunzi wa chuo kikuu walijikusanya kwa maelfu na koleo na matoroli, wakawa wanapewa mitaa ya kusafisha. Majengo yaliyoporomoka katikati ya jiji hawakuyagusa; hayo waliwaachia waliofunzwa. Mpaka huo ndio nataka kikundi chenu kiushike kwa nguvu. Tope, ndoo, kufua, kupika, kubeba, kuandika, kukaa na watoto: hayo ni yenu. Kuingia kwenye nyumba iliyopasuka kuta, kugusa nyaya za umeme, kuvuka maji yanayokwenda kasi: hayo si yenu. Maji yanayokimbia ya kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 hubeba magari mengi. Dereva wenu akifika kwenye barabara iliyofunikwa na maji ageuze, hata kama kijiji kinaonekana pale mbele. Na wanaosafisha tope wavae buti na glavu. Maji ya mafuriko huchanganyika na vyoo na mikojo ya panya, na kidonda kidogo cha mguuni kinatosha kuleta homa ya mgunda au pepopunda.

Kuhusu marobota, najua hapa nitawaudhi baadhi ya wenzako, nao wametoa kwa moyo. Nguo ndicho kitu kinachotolewa kwa wingi kuliko vyote baada ya maafa, na mara nyingi ndicho kinachohitajika kidogo kuliko vyote. Baada ya tsunami ya 26 Desemba 2004, pwani ya Tamil Nadu nchini India ilikuwa na milima ya nguo za msaada zilizotupwa kandokando ya barabara, nyingine hazikufanana hata kidogo na mavazi ya watu wa pale. Kila robota linahitaji gari la kulibeba, mtu wa kulipokea, sehemu kavu ya kuliweka na mikono ya kuchambua. Sehemu kavu, katika wiki ya kwanza ya mafuriko, ni ile ambayo mtoto angelala. Fungueni marobota hayo nyumbani. Chambueni, fueni, pangeni kwa umri, halafu ngojeni mwenye daftari aseme: tunataka sare za shule 40, tunataka khanga, tunataka chupi mpya. Chupi mpya huombwa sana na hutolewa mara chache, kwa sababu watu huona haya kuzitaja. Taulo za hedhi vilevile, na ndiyo maana nimesema mmoja wa wale wawili awe mwanamke.

Dawa, tafadhali, zisiende kabisa. Baada ya tetemeko la Armenia la 7 Desemba 1988, dunia ilituma dawa zisizopungua tani 5,000. Watu 50 walihitaji miezi sita kupata picha kamili ya kilichokuwamo. Nyingine zilikuwa zimekwisha muda, nyingine ziliharibiwa na baridi, nyingine zilikuwa na maandishi ya lugha ambazo si rahisi kusomeka pale. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa, na moja ya kanuni zake ni kwamba dawa ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake. Vidonge vilivyobaki kabatini mwa watu havifikii hapo. Maziwa ya kopo nayo yabaki. Yakichanganywa na maji machafu huleta kuhara, na mtoto wa miezi mitatu anayeharisha kambini anaweza kufa ndani ya siku chache. Mama anayenyonyesha msaidieni aendelee kunyonyesha: mpeni chakula, maji safi na pembe yenye faragha. Kama kuna mtoto aliyefiwa na mama, mpelekeni kwa mhudumu wa afya, yeye atasimamia maziwa yake.

Basi mpeleke nini? Hizo fedha kidogo mnazozidharau. Fedha haihitaji lori, haiozi, na inanunua kwa wafanyabiashara wa pale pale ambao nao wamepoteza na wanahitaji wateja ili wainuke. Kama mnaona uzito wa kutoa fedha taslimu, mwulizeni mwenye daftari hesabu ya maji. Viwango vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani vinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku na choo kimoja kwa watu 20. Mkiambiwa watu 600 wamelala shuleni, hiyo ni lita 9,000 kila siku na vyoo 30. Pengine pale kuna vyoo sita. Hapo mtaona wenyewe fedha yenu iende wapi, na vijana wenu wenye nguvu washike sululu au ndoo.

Kuhusu onyo la kuporwa. Wataalamu wa elimu ya jamii wamelichunguza jambo hili kwa miongo mingi. Kituo cha kwanza cha utafiti wa maafa cha aina hiyo kilianzishwa Marekani mwaka 1963, na mmoja wa waanzilishi wake, Enrico Quarantelli, alitumia maisha yake akionyesha kwamba taharuki na uporaji wa halaiki baada ya maafa ya asili ni nadra kuliko tunavyosimuliwa. Kinachoonekana zaidi ni watu kusaidiana hata na wasiofahamiana. Mwaka 2017 jiji la Mexico lilipigwa na tetemeko tarehe 19 Septemba, tarehe ile ile ya lile kubwa la 1985. Maelfu ya raia walijipanga mistari wakipitishiana ndoo za vifusi. Kila mtu aliyedhani amesikia sauti chini ya zege aliinua ngumi juu, na wote waliomwona wakainua zao, mpaka mtaa mzima ukanyamaza ili pumzi ya aliyefukiwa isikike. Watu wale hawakuwa na kiongozi mmoja. Fujo huzuka pale gari la misaada linaposimama ghafla na kuanza kurusha vitu hewani bila orodha, na kosa hilo ni la aliyerusha. Nendeni na orodha, mtaona utulivu.

Lakini orodha yenyewe ikaguliwe. Hapa wengi wetu wapenda ujirani tunanyamaza, nami nimejizuia kunyamaza. Ujirani una mlango, na mlango hufungua na hufunga. Mtafiti Daniel Aldrich, aliyechunguza Kobe, New Orleans na Tamil Nadu, alionyesha kwamba mitaa yenye mahusiano imara huinuka haraka kuliko yenye fedha nyingi lakini watu hawajuani. Ila huko huko Tamil Nadu alikuta mabaraza ya vijiji vya wavuvi, yaliyosifiwa kwa kupanga misaada vizuri, yakiwaacha nje ya orodha wajane, Waislamu na watu wa Dalit, tabaka linalodharauliwa kuliko yote. Mshikamano wao ulikuwa wa kweli, na waliobaguliwa walibaki na njaa. Kwa hiyo watu wenu wawili, baada ya kumsikiliza mwenye daftari, wazunguke wenyewe. Waulize: nani hakuja hapa? Wapangaji wako wapi? Mgeni aliyehamia mwaka jana? Mlemavu asiyeweza kufika kwenye foleni? Mke wa pili? Yule ambaye watu hawampendi? Ulizeni kwa heshima, si kwa kukagua, na mkimpata aliyeachwa, mwombeni mwenye daftari amwandike yeye mwenyewe. Mkianzisha orodha yenu pembeni mtaondoka na kumwachia mtu huyo uadui.

Sasa jambo linaloniuma kuliko yote. Baada ya Kobe, nyumba za muda ziligawiwa kwa kura, wazee na wagonjwa wakipewa kipaumbele. Nia ilikuwa njema kabisa. Matokeo yake wazee walitenganishwa na majirani wa miaka 40 wakawekwa kwenye safu za vyumba kati ya watu wasiowajua. Katika miaka michache iliyofuata, zaidi ya watu 200 walikutwa wamekufa peke yao ndani ya nyumba hizo, wengine baada ya siku kadhaa. Walikuwa wameokolewa tayari. Walikuwa na paa, maji na umeme. Tetemeko lilipoipiga Niigata, huko huko Japani, tarehe 23 Oktoba 2004, somo hilo halikusahaulika: watu wa kijiji cha milimani cha Yamakoshi walihamishwa wote, na katika nyumba za muda wakapangwa kitongoji kwa kitongoji, kila mtu karibu na jirani yake wa zamani. Mkisikia kwamba watu wa vijiji vile vitatu watahamishiwa sehemu mbalimbali, saidieni sauti zao zisikike: wahamishwe pamoja. Haigharimu chochote zaidi ya kulisema mapema, kabla karatasi hazijapigwa mihuri.

Unaniuliza kama watu wadogo wanabadilisha chochote. Novemba 1970 kimbunga cha Bhola kiliua watu wasiopungua 300,000 katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Kuanzia mwaka 1972 ulijengwa mpango wa tahadhari unaotegemea wanakijiji wa kujitolea, wenye vipaza sauti vya mkononi na bendera: moja, mbili, tatu, kadiri hatari inavyokaribia. Mwaka 1991 kimbunga kingine kiliua takriban 138,000, na wanawake walikufa wengi kuliko wanaume. Wengi walibaki nyumbani wakiwangoja waume zao. Leo wa kujitolea ni kama 76,000, na nusu yao ni wanawake, wanaoweza kuingia hadi ndani na kumwambia mwenzao, chukua watoto, twende. Kimbunga Sidr cha mwaka 2007 kilikuwa kikali mno, na kiliua watu wapatao 3,400. Ni wengi, na kila mmoja alikuwa na jina. Lakini linganisha na 300,000. Tofauti hiyo imeletwa na majengo ya kujikingia, utabiri wa hali ya hewa, na watu wadogo wanaopita nyumba kwa nyumba kwenye mvua.

Na msaada hukumbukwa kwa muda ambao huwezi kuupima. Mwaka 1847 watu wa Choctaw, wenyeji asilia wa Marekani, ambao miaka 16 nyuma walikuwa wameanza kufukuzwa kutoka ardhi yao na kufa kwa wingi njiani, walichanga kiasi cha dola 170 kwa ajili ya Ireland iliyokuwa katika njaa ya kuoza kwa viazi. Mwaka 2020, Wairishi kwa maelfu walichangia jamii za Navajo na Hopi, nao wenyeji asilia wa Marekani, wakati wa korona, na wengi wakaandika wazi kwamba wanalipa deni lile.

Mara nyingine hata karne haihitajiki. Tarehe 17 Agosti 1999 tetemeko liliiangamiza Izmit nchini Uturuki, na waokoaji wa Ugiriki, nchi ambayo uhusiano wake na Uturuki ulikuwa mbaya, walikwenda kuchimba. Wiki tatu baadaye, tarehe 7 Septemba, Athens ikatikisika. Waturuki wakaja.

Mto ule ule uliowafunika wenzenu unapita upande wenu pia. Kwa hiyo wale wawili wa kesho wana kazi moja ya ziada. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kupigwa na tsunami ya 2004. Kati ya watu wapatao 78,000 walikufa saba tu, kwa sababu bibi na babu zao waliwaachia neno moja tangu wimbi la mwaka 1907: smong. Ardhi ikitikisika na bahari ikirudi nyuma, mtu hulipiga kelele neno hilo na wote hukimbilia mlimani. Majirani zenu nao wiki hii wanajua kitu ambacho ninyi hamkijui. Waulizeni maji yalianza kuingilia wapi, saa ngapi, ng'ombe walifanya nini, barabara ipi ilikatika kwanza. Waombeni wawaonyeshe alama ya tope ukutani, mpime kimo chake kwa futi kamba, mwandike na tarehe.

Halafu usiku wa kesho, kikundi kikikaa kusikiliza ripoti, gawa watu 34 kwa miezi, usiwagawe kwa magari. Wachache waende wiki hii. Wachache wangoje wiki ya sita, wakati kamera na malori yamekwisha kuondoka na watu wanaanza kupiga matofali. Na watano, wale wenye subira, waandikishwe kwa mwezi wa sita kwenda kukaa tu na kusikiliza, na kuangalia kama ile nukta iliyobaki kwenye daftari imefutwa.